Mkunguru Si Malaria

Mwaka juzi niliandika hadithi fupi ya kijana wa Lushoto anayeshuka Tanga kutafuta kazi. Siku ya kumi na mbili mjini anaanguka. Saa nane mchana anatetemeka kwa baridi, meno yanagongana, anaomba blanketi la pili wakati wenzake wote wamevua mashati. Mama mwenye nyumba anasimama mlangoni, anamtazama, anasema: "Mkunguru huo. Mji haujakujua bado." Nikaipeleka kwa jarida moja ambalo sitalitaja. Ikachapwa, nashukuru, lakini kwenye chapisho mama mwenye nyumba anasema: "Hiyo malaria. Nenda kapime." Nilipouliza, nikajibiwa kwa upole kabisa kwamba neno mkunguru wasomaji wa leo hawalijui, na wachache wanaolijua wanajua kwamba maana yake ni malaria tu, kwa hiyo hakuna kilichopotea.

Hiyo "hakuna kilichopotea" ndiyo iliyonikalisha kuandika haya. Mengine naweza kuyameza. Mhariri ana haki ya kukata, na msomaji ana haki ya kutojua neno. Lakini kusema kwamba mkunguru na malaria ni kitu kimoja chenye majina mawili, kama vile mtu anavyosema kiatu na ndara, hapana. Na si jarida lile peke yake. Fungua riwaya zetu za kihistoria, fungua tafsiri, sikiliza tamthilia za redioni zinazohusu enzi za misafara: mpagazi wa mwaka 1871, kifua wazi, mzigo wa pembe begani, anasema "nimeshikwa na malaria" kama vile ametoka kuchomwa kidole zahanati.

Hebu tuanze na maana. Ukiuliza kamusi, za zamani na za sasa, na ukiuliza wazee wa Mrima, jibu linakaribiana: mkunguru ni homa inayompata mtu anapohamia mahali pageni, kabla mwili haujazoea hewa na maji ya pale. Basi. Sasa tazama kilichomo ndani ya maelezo hayo mafupi. Homa unaweza kuipata kitandani kwenu, ulikozaliwa, bila kutoka hata ukumbini. Malaria vilevile. Mkunguru huwezi kuupata bila kuhama. Lazima kuwe na kwenu, lazima kuwe na kwa watu, na katikati lazima kuwe na njia uliyoipita. Halafu neno lenyewe lina mlango wa kutokea: mkunguru ni homa ya kuingilia, ikishapita umekuwa wa pale. Isipopita, umezikwa pale, ambayo nayo ni namna ya kuwa wa pale. Mtu alitoka, akaanguka, akazoea au akafa. Hadithi nzima imo kwenye nomino moja, na mwandishi anayeifuta ili aweke jina la kimelea amefuta muhtasari wa hadithi yake mwenyewe.

(Wapo watakaoniambia kwamba neno linatokana na kunguru, yule ndege. Mimi kunguru namwacha na mabaya yake, yanamtosha.)

Hoja ya kwanza ninayopigwa nayo kila nikisema hivi ni ya sayansi. Eti mkunguru ni imani za kizamani za hewa na maji, malaria ni neno la kitaalamu. Jamani. Malaria ni maneno mawili ya Kiitalia yaliyoshikana, maana yake hewa mbaya. Watu wa Roma na mabwawa yake waliamini kwamba homa inatoka kwenye mvuke wa matope. Alphonse Laveran alipokiona kimelea chenyewe kwenye damu ya askari huko Algeria mwaka 1880, na Ronald Ross alipokikuta ndani ya mbu huko India mwaka 1897, hewa mbaya ikawa imekufa kama maelezo, lakini jina likabaki, na hakuna mtaalamu anayelionea haya. Neno la Kiitalia lenye kosa ndani yake tunaliita sayansi. La Kiswahili, ambalo halisemi homa imetokana na nini, linasema tu humshika nani na lini, tunaliita ushirikina.

Na hilo linalolisema, nani humshika na lini, ni kweli tupu. Anayezaliwa na kukulia kwenye mbu wa malaria, akinusurika utotoni, mwili wake hujifunza kuishi na vimelea. Ataugua, lakini mara nyingi si ugonjwa wa kumlaza. Anayetoka mahali pasipo na malaria hana kinga hiyo. Akishuka anaumwa, na anaumwa vibaya. Robert Koch, yule Mjerumani wa kifua kikuu, alipokuwa Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1890 aliwakuta watu wa milima ya Usambara wanajua kabisa kwamba wakishuka tambarare watarudi na homa. Walimwambia kule chini kuna wadudu wanaouma, wanaitwa mbu, na ugonjwa wenyewe nao wakauita kwa jina hilohilo, mbu. Wakati maabara za Ulaya bado zinabishana, Wasambaa walikuwa wameshaunganisha safari, mdudu na homa. Sasa kijana wangu wa hadithi ametoka wapi? Lushoto. Anashuka wapi? Tanga. Siku ya kumi na mbili, ambayo ndiyo karibu muda ambao vimelea huhitaji tangu mbu aume mpaka mtu atetemeke. Mama mwenye nyumba hakukosea hata kidogo. Ametoa maelezo kamili kuliko yale aliyowekewa mdomoni.

Wala si mambo ya kale. Zanzibar imeipunguza malaria mpaka imekuwa adimu, na sehemu kubwa ya wagonjwa wanaopatikana visiwani ni watu waliotoka safari Bara. Kijana wa Unguja wa leo akienda Morogoro kusoma, mwili wake ni mgeni kuliko wa babu yake aliyekwenda Tabora. Mkunguru unarudi, na sisi ndiyo kwanza tunalifuta jina lake.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na sitaki kuipita kwa kejeli. Wanasema: neno linaua. Mtu akisikia "mkunguru tu huo, utazoea", atalala na homa siku tano, na siku ya sita hayupo. Wanatoa mfano wa degedege. Kwa miaka mingi mtoto akikakamaa na kugeuza macho, wazazi wengi walimkimbiza kwa mganga, kwa sababu degedege lilikuwa na mambo yake, na malaria na mambo yake. Kumbe mara nyingi ni malaria hiyohiyo imepanda kichwani. Watoto wamezikwa kwa sababu ya mpaka kati ya majina mawili. Hilo ni kweli, na anayependa maneno ya zamani asilifiche.

Lakini dawa yake ni ipi? Tulilifuta degedege? Hatukulifuta. Wahudumu wa afya walilichukua neno lenyewe, wakaliandika kwenye mabango ya zahanati, wakawaambia akina mama: degedege ni dalili ya hatari, lete mtoto hospitali. Waliingia kwa mlango uliokuwa wazi. Katika hadithi yangu kijana angeweza kuambiwa "mkunguru huo, mji haujakujua, kesho asubuhi twende ukapime", na sentensi ingekuwa salama, na ingekuwa Kiswahili. Kwenye kadi ya zahanati andikeni malaria, na mseto atoe aliyesomea. Mimi nazungumzia ukurasa wa hadithi, ambako hakuna anayemeza vidonge.

Sasa nije kwenye fasihi, maana ndiko kwetu hapa.

Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, na kwenye kitabu cha safari hiyo, kilichotoka mwaka 1872, neno letu limo. Ameliandika "mukunguru", kwa masikio yake, na akawaeleza wasomaji wake kwamba ndilo jina la Kiswahili la homa ile ya vipindi. Yaani mwandishi wa gazeti la New York aliona kwamba neno la Kiingereza alilokuwa nalo halitoshi, akaazima letu. Wahariri wetu wa karne ya ishirini na moja wanaona letu halitoshi, wanaazima la Kiitalia.

Kinachonikera kwenye kitabu kile ni kingine. Homa ya Stanley ina kurasa. Ina kwinini, ina maluweluwe, ina kuhesabu siku. Wazungu wawili aliotoka nao pwani, Farquhar na Shaw, wote walifia njiani, na kila mmoja ana nafasi yake kwenye masimulizi. Mpagazi akiugua anaonekana zaidi kama mzigo uliokosa bega. Kana kwamba mkunguru ni maradhi ya mzungu, na Mwafrika, kwa kuwa ni Mwafrika, yuko kwao popote alipo kutoka bahari mpaka ziwa. Huu ni uongo ambao neno lenyewe linaukataa. Mnyamwezi aliyeshuka Bagamoyo na pembe alikuwa mgeni wa pwani. Mtu wa Pangani aliyefika Ujiji alikuwa mgeni wa ziwa. Wote walikuwa na jina la kile kilichowapata, na jina hilo walikuwa nalo kabla Stanley hajashuka melini. Mkunguru hauulizi rangi ya mtu. Unauliza umefika lini.

Linganisha na walivyosema Waingereza wa mashamba ya miwa ya Karibiani. Nao walikuwa na neno la maradhi ya mgeni, neno lilelile la kukoleza nyama kwa viungo na kukausha mbao mpaka ziwe tayari kwa kazi. Walilitumia kwa walowezi, na walilitumia kwa watumwa waliotoka melini: mwaka wa kwanza, miwili, mitatu, anakolezwa, na wengi wakafa wakikolezwa. Katika neno hilo mtu ni mali inayotayarishwa kwa matumizi. Mkunguru haumtayarishi mtu kwa ajili ya yeyote. Mtu ni mgeni, nchi ni mwenyeji, na wawili hao hawajajuana. Sisi tuna methali, mgeni njoo mwenyeji apone. Mkunguru ndio upande wa pili wa methali hiyo ambao hatupendi kuusema: mwenyeji amepona, mgeni ndiye kalala chini. Na ile nyingine, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Hesabu siku. Jembe linafika kabla ya homa. Anayeanguka siku ya kumi na mbili ameshaacha kuwa mgeni kwa wenyeji wake. Wanamwona ni mtu wa nyumbani anayekwepa kulima. Hapo mwandishi ana ugomvi, ana aibu, ana riwaya. Na yote hayo yanategemea neno linalomkumbusha msomaji kwamba mwili bado unahesabu ugeni ambao watu wameshaufuta.

Simulizi kubwa kuliko zote za mkunguru ninayoijua haikutokea kwetu, lakini kwetu inasimuliwa kila siku, misikitini na madrasa. Muhajirina walipofika Madina kutoka Makka mwaka 622, waliikuta Madina ina homa, na ikawapiga. Abubakari akalala. Bilali akalala. Bibi Aisha akaenda kuwajulia hali. Masimulizi ya hadithi yanasema kwamba Bilali homa ilipomwachia kidogo alikuwa akipaza sauti kwa mashairi, akiitamani Makka: bonde lake, nyasi zake kwa majina, kisima, vilima viwili anavyotaka kuviona tena. Mtume (SAW) alipoambiwa, aliomba dua yenye mambo mawili yaliyoshikana: kwamba Mwenyezi Mungu awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi, na kwamba homa yake iondolewe ipelekwe Juhfa.

Isome tena polepole. Hakuomba homa iondoke tu. Aliomba homa iondoke na mji upendeke, kwa pumzi moja, kana kwamba ni ombi moja. Hiyo si tafsiri ya malaria. Hiyo ni tafsiri ya mkunguru, na kama kuna mahali neno hili lingestahili kukaa kwenye Kiswahili ni hapo, na bado kila ninaposikia kisa hiki kikisimuliwa nasikia "homa", "homa kali", na siku hizi hata "malaria" kwa masheikh wanaotaka kuonekana wa kisasa.

Na kuna jambo la Bilali ambalo halinitoki. Makka anayoililia ni ipi? Ni ile aliyokuwa mtumwa ndani yake. Ni ile aliyolazwa kwenye mchanga wa moto, jiwe kifuani. Tena asili yake ni Uhabeshi, Makka hata si kwao kwa nasaba. Madina yuko huru, yuko na wenzake, na ndiko atakakokuwa mwadhini. Lakini mwili uko kwenye homa, na mwili unaita vilima vya mahali ulipoteswa. Mwandishi gani angethubutu kubuni hilo? Ukimwambia msomaji Bilali alikuwa na malaria, umempa uchunguzi wa maabara. Ukimwambia alikuwa na mkunguru, msomaji anajiuliza mara moja: kwao ni wapi? Na swali hilo ndilo kisa chenyewe.

Hapa lazima niwageukie na wanaonipigia makofi, maana nao wana madhambi. Tangu neno hili lianze kupendwa tena na watunzi wachache mtandaoni, nimeshakutana na mkunguru wa mapenzi, mkunguru wa kisiasa, mkunguru wa roho. Shairi moja lilikuwa na "mkunguru wa moyo wangu" mara nne, na hakuna mtu aliyetetemeka hata mara moja. Anakaa dirishani, anatazama mvua, anakunywa kahawa. Hiyo ni huzuni, na huzuni ina majina yake mengi tu kwa Kiswahili. Mkunguru unatapisha. Mkunguru unaloanisha godoro. Mtu anaweweseka, anamwita mama yake kwa lugha ya kwao mbele ya watu wanaomcheka kwa lugha hiyo, na asubuhi anaona haya. Ukiutoa mwilini ukauweka kwenye roho peke yake, umefanya kosa lile la mhariri, umeligeuza tu upande: yeye kachukua vimelea kaacha safari, wewe umechukua safari umeacha vimelea. Neno lina thamani kwa sababu linabeba vyote viwili na haliulizi kipi ni halisi.

Kwa hiyo linafaa wapi? Kwenye hadithi za misafara, hilo halina mjadala. Kwenye hadithi za manamba, watu wa nyanda za juu walioshushwa kwenye mkonge wa Tanga. Hapo ningeshangaa mwandishi akiandika kitabu kizima bila neno hili. Kwenye tafsiri za vitabu vya wasafiri, ambavyo vingine vina neno letu ndani yake tayari na mfasiri anatakiwa alirudishe tu nyumbani.

Lakini pale ninapoliona lina kazi kubwa ambayo hakuna neno jingine litaiweza ni kwa mtu anayerudi. Kinga ya malaria si mali ya kudumu. Mtu wa Muheza aliyekaa Muscat miaka kumi na mitano, au London, au Minneapolis, kinga aliyoijenga utotoni imemtoka. Uingereza, wengi wa wanaougua malaria ni watu waliotoka Afrika kusalimia jamaa zao. Hawakunywa dawa ya kujikinga kwa sababu, jamani, dawa ya nini, mimi nakwenda kwetu. Anashuka uwanja wa ndege na masanduku matatu, zawadi za wapwa, saa mpya ya kaka. Anakula vizuri, anazungushwa mtaani, watoto wanamwita mjomba. Wiki ya pili yuko chini ya mablanketi, na shangazi amesimama mlangoni anatafuta la kusema.

Shangazi aseme nini? "Malaria" ni rahisi, kila mtu anaumwa malaria, hakuna aibu. Akisema mkunguru, ametoa hukumu. Amesema: mtoto wetu, nchi haikujui tena. Kwenye kitanda alichozaliwa. Chumba kitanyamaza, kwa sababu wote wanajua mkunguru humshika nani. Na yule mgonjwa, kama anakijua Kiswahili cha shangazi yake, atasikia. Kama hakijui tena, kama miaka kumi na mitano imeondoka na neno hilo pia, atauliza "ndiyo nini?", na hapo mwandishi hahitaji kuongeza chochote. Nimesoma hadithi nyingi za diaspora zilizoandikwa kwa Kiswahili na za wenzetu walioandika kwa Kiingereza, zinazozunguka kurasa mia mbili kutafuta namna ya kusema jambo hili. Neno lenyewe lina silabi nne.

Tumeshafanya uzembe huu mara moja na hatukujifunza. Homa ya kuvunja viungo iliyoikumba Zanzibar mwaka 1870 watu waliiita kidingapopo. Daktari Mskoti aliyekuwa pale, James Christie, aliandika habari zake mwaka 1881, na wapo wanaoshikilia kwamba dengue ya dunia nzima imetokana na jina hilo. Wengine wanabisha. Sawa. Lakini ilipolipuka Dar es Salaam mwaka 2014, na tena mwaka 2019, redio zetu zikatangaza "homa ya dengue", watangazaji wanajikwaa kwenye herufi za mwisho kama watu waliopewa mtoto wa jirani wambembeleze. Kidingapopo kilikuwa kwenye kamusi siku zote hizo.

Ninachotaka kwa wahariri si kikubwa. Mkunguru uandikwe bila alama za mtajo, bila herufi za mlalo, bila tanbihi, na bila mabano yenye "yaani malaria" ndani yake. Msomaji asiyelijua atalielewa kutokana na blanketi la pili. Na mkiniambia tena kwamba wasomaji hawawezi kujifunza neno la homa wasilolijua, nitawauliza mwaka 2019 ni nani aliyekuwa analijua neno uviko. Hilo ilibidi tulibuni. Mkunguru mnaukuta kwenye kamusi, kwenye M, kurasa chache baada ya mkoba, hatua moja au mbili mbele ya mkungumanga.